Tupeane uzoefu: Nani kwenu alirudi salama vitani kwa sababu askari mwenzake hakumwacha?

Wakuu, habari za usiku.

Kaka yangu alikwenda Kongo na kile kikosi cha Umoja wa Mataifa cha Watanzania, Wamalawi na Waafrika Kusini. Wakitajwa Wamalawi mbele yake, anataja jina moja tu: Praiveti Chancy Chitete.

Novemba 2018, karibu na Beni, walikwenda kuishambulia ngome ya waasi wa ADF. Moto ukawa mkali, ikabidi warudi nyuma. Koplo mmoja wa Kitanzania akabaki chini, amejeruhiwa vibaya, hawezi kutembea. Chitete akamburuta hadi penye kinga, akawa anahangaika kumzuia damu, na hapo hapo naye akapigwa risasi. Koplo wetu alipona. Chitete alifariki.

Mei 2019 alitunukiwa medali ya Kapteni Mbaye Diagne, yule Msenegali aliyeokoa mamia ya watu Kigali mwaka 1994 kisha akauawa huko huko. Mjane wa Chitete ndiye aliyekwenda New York kuipokea. Nikimfikiria huyo mama, nakosa usingizi. Mumewe alimfia mtoto wa Tanzania, na wengi wetu hata jina lake hatulijui.

Humu wapo watoto na wajukuu wa waliopigana Kagera, na wake wa wanajeshi. Karibuni.

Mjukuu wa Mgambo
Mkuu, umenigusa. Baba mdogo alikuwa mgambo, akachukuliwa kwenda kumpiga Amin. Machi 1979 walifika Lukaya, barabara imekatiza kwenye kinamasi. Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakawashushia makombora, kikosi kikatawanyika, watu wakaingia matopeni. Yeye alikuwa na kipande cha chuma pajani. Anasema alishapiga shahada, mara akasikia mtu anamshika mkanda. Ni jamaa wa kombania yao, wakimwita Mnyalu kwa kuwa alitoka Iringa. Akamkokota kwenye mafunjo usiku kucha, kila mara akimwambia, "Usilale, bwana." Alfajiri akamkabidhi kwa waganga, akageuka kumfuata mwingine. Hakuonekana tena.

Sasa kila Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, mzee anafunga safari hadi Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya wapiganaji wetu. Jina halisi la Mnyalu hakuwahi kulijua. Kwa hiyo anapita kaburi kwa kaburi, na kila moja analisalimia, "Kamwene." Ndilo neno pekee la Kihehe alilofundishwa na Mnyalu. Mwaka juzi nilimsindikiza, miguu ikamvimba, akakataa kukaa hadi amalize mstari.

Mama Wawili
Wangu hakurudi. Desemba 2017, kambi ya walinda amani ya Semuliki, huko huko Kongo. Kijana aliyekuwa naye zamu alikuja nyumbani, chakula hakikumpita kooni. Aliniambia risasi zilipoanza mume wangu alimsukumia kwenye handaki, yeye akabaki juu anajibu mapigo. Kijana huyo hupiga simu kila Idi. Wanangu wanamwita baba mdogo.

Kijana wa Kilolo
Pole sana dada, Mungu akutie nguvu.
Mjukuu wa Mgambo, hebu muulize mzee kama Mnyalu aliwahi kutaja kijiji, mto, au hata shule aliyosoma. Jumamosi nakwenda nyumbani. Wazee waliopeleka vijana mwaka 1978 bado wapo, nitawauliza mmoja mmoja.