Mrejesho: vifaa vya kukereza vilivyokuwa vinalala kabatini

Wakuu, salaam kutoka Kizota, Dodoma. Niliuliza kama niuze patasi bapa ya mshazari (makali yake yamekatwa kwa upande, ncha moja ndefu kuliko nyingine), kalipa (vipimio vya unene), na tegemeo la katikati (lenye magurudumu ya kushikilia mti mwembamba usitetemeke) la mashine ya kukereza, ile inayozungusha mti ukichongwa, maana kazi zote nafanya kwa patasi yenye mfereji. Asanteni sana kwa majibu.

Patasi siiuzi ng'o. Aliyesema niinoe upya, niisugue kwenye ngozi, halafu nijifunzie kwenye paina kabla ya mninga, Mungu ambariki. Siri ni kukata kwa katikati ya makali. Ncha ndefu ikigusa tu, inadaka na kuchimba mti. Sasa mguu wa stuli unatoka laini, msasa naupitisha kidogo. Shanga, yaani vile vivimbe vya mviringo vya urembo kwenye mti, ndiyo bado zinanishinda, narudi kwenye ile ya mfereji.

Kalipa nazo zimepata kazi: kila unene na kalipa yake iliyokazwa kwa kipimo hicho, miguu yote minne inafanana bila kupima upya.

Tegemeo nimelijaribu kwenye nguzo nyembamba za kitanda. Mtetemo umepungua kweli, ila magurudumu yanaacha alama nyeusi kwenye mti mweupe. Mwenye dawa ya hilo aseme, vinginevyo hilo nalipiga bei.