Waliopimwa ulemavu wakaandikiwa kiwango kidogo: mlipinga vipi? Tupeane uzoefu

Fundi wa Kengeja

Assalaam alaykum. Jana nilipanda meli Mkoani kuja Unguja, na ubavuni pangu aliketi mzee aliyeikumbatia bahasha kubwa ya picha za eksirei kama aliyepakata mtoto mchanga. Hakuiweka chini hata meli ilipoanza kusukwasukwa, na kijana mmoja alipomuuliza anakwenda wapi, alijibu neno moja tu: "Kupimwa." Sikumsemesha, lakini usiku kucha sikupata usingizi, kwa sababu bahasha kama ile ninayo mimi juu ya kabati tangu mwaka 2017.

Mwaka huo msumeno wa mashine ulinikata vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, na ukalijeruhi dole gumba, ambalo mpaka leo halikunjiki. Baada ya miezi ya kutibiwa nilipelekwa kupimwa kiwango cha ulemavu ili nilipwe fidia. Nilisubiri tangu saa mbili asubuhi, nikaitwa karibu na adhuhuri, na humo chumbani sikukaa hata dakika tano. Daktari aliniuliza, "Hujambo, fundi?" nami, kama nilivyolelewa, nikajibu, "Sijambo, alhamdulillahi." Akanipa kalamu, nikaishika kwa vidole vilivyobaki, kwa sababu nilitaka aone kwamba mimi si mtu wa kulialia. Akaniambia nikunje ngumi, nikaikunja kadiri ilivyokubali, akaandika, akapiga muhuri, akanitakia heri.

Barua ilipokuja ilisema asilimia 8, na katika maelezo kulikuwa na sentensi ambayo nimeihifadhi kwa moyo: "Mhusika anaeleza kuwa hajambo na ana uwezo wa kushika kalamu." Jamani, mimi ni seremala. Tangu nitoke skuli, kalamu naishika siku ya kutia sahihi tu. Mkono huu ulikuwa ukishika randa, patasi na nyundo, na hakuna aliyeniuliza habari ya randa. Mke wangu aliisoma barua mara mbili, akaikunja, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Na hizo asilimia 92 zilizobaki ziko wapi, tuzitumie?"

Nilipinga, na nitaeleza yalivyokwisha. Kwanza nataka kusikia wenzangu, pengine yule mzee ana mtoto au mjukuu anayesoma hapa.

Mzaliwa wa Wete

Mamaangu aliponzwa na neno hilohilo la "sijambo", na sisi watoto tuliokuwa pembeni tuliitikia alhamdulillahi pamoja naye.

Kijana wa Mbagala

Pole sana, kaka. Kwa nini ulihangaika? Huku kwetu kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri anauchangia, na ukiumia kazini mfuko ndio unaokulipa. Ungewaandikia wao moja kwa moja wakapitie upya tathmini yako.

Msaidizi wa Sheria, Micheweni

Ndugu yangu wa Mbagala, nia yako ni njema, lakini usitupotezee watu nauli ya boti. Mfuko huo umeanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 inayotumika Tanzania Bara, na mfanyakazi aliyeumia katika karakana ya Pemba hauhusiani naye. Zanzibar tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Namba 15 ya 1986, iliyorekebishwa mwaka 2005, na mtu wa kwanza kuulizwa ni mwajiri wako. Mkishindwana, mlango wa kuanzia ni Kamisheni ya Kazi, na mbele yake ipo Mahkama ya Kazi.

Kuna mchanganyiko mwingine ambao nakutana nao kila wiki. Mtu analalamika kwamba "amenyimwa pesa za ulemavu", na ukimhoji unakuta alikwenda kuulizia Pensheni Jamii, ile iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na ambayo baadaye ilipandishwa kuwa 50,000. Hiyo ni ya wazee waliotimiza miaka 70, na hakuna anayepimwa kiungo ili aipate. Mafao ya ulemavu ya mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii ni jambo la pili, na fidia ya kuumia kazini ni la tatu. Kabla ya kupinga, hakikisheni mnajua mnapinga kipi, kwa sababu malalamiko mazuri yaliyopelekwa pasipo pake hayasomwi na mtu.

Kijana wa Mbagala

Nimeelewa, ingawa ungeweza kunisahihisha bila kunitajia nauli. Nchi ni moja.

Msaidizi wa Sheria, Micheweni

Nchi ni moja, na mambo ya kazi si ya Muungano. Kumradhi kwa nauli.

Umm Nassir, Makunduchi

Nilikuwa nimeapa kutolisimulia jambo hili, ila hiyo kalamu ya fundi imenitonesha.

Babaetu alipatwa na kiharusi akiwa na miaka 54, bado yuko kazini, akapooza upande wa kushoto. Tulipoambiwa apelekwe kupimwa ili ijulikane kama anastahiki mafao ya ulemavu, tulikodi gari tangu alfajiri. Tulipofika tukaelezwa kwamba wanaopima wako ghorofa ya tatu. Lifti haikuwapo, na ngazi zenyewe zilikuwa nyembamba kiasi kwamba kigari chake kisingepita hata kikibebwa na watu wanne. Tuliomba daktari ateremke, tukajibiwa kwamba utaratibu hauruhusu. Basi kaka yetu mkubwa akamweka mgongoni, mdogo wetu akawa nyuma anamshikilia miguu, mimi nikabeba viatu vyake na faili, na tukapanda tukipumzika kila kituo, watu wakitupisha njia.

Tulipofika mlangoni babaetu akasema, "Niteremsheni. Siingii kwa watu nimebebwa kama gunia la karafuu." Tukamsihi, akakataa. Akajishika kwenye fremu ya mlango kwa mkono wake mzima, akajivuta, akapiga hatua mbili mpaka kwenye kiti, jasho likimtiririka, akatoa salamu kwa sauti ile ya zamani ambayo hatukuwa tumeisikia kwa miezi saba. Mimi nililia kwa furaha. Wiki tatu baadaye tukapokea ripoti, na mstari wa kwanza ulisema: "Aliingia chumbani kwa miguu yake." Ombi lake lilikataliwa.

Mzaliwa wa Wete

La haula wala quwwata. Ghorofa ya tatu!

Bi Fatma wa Fuoni

Umm Nassir, nimeusoma mkasa wako mbele ya mume wangu kwa lugha ya alama, naye amepiga meza kwa ngumi. Jengo hilo liko wapi? Na huyo kaka yenu mgongo wake u mzima?

Abu Twalib

Kwa heshima zote, mimi naona mnawaonea wanaopima. Daktari huandika anachokiona, na hatua mbili ni hatua mbili. Sote tunawajua watu wanaochechemea wakiingia ofisini na jioni wako uwanjani. Kama kila mtu angeandikiwa anachokitaka, wanaostahiki kweli wasingepata kitu.

Umm Nassir, Makunduchi

Abu Twalib, babaangu hakuwahi kuchechemea kwa ajili ya pesa, alitembea kwa ajili ya heshima, na hicho ndicho kilichomtia hasarani. Ukitaka kuwasema waongo, wafungulie mjadala wao.

Abu Twalib

Sikumtaja mzee. Nimesema kwa ujumla.

Mpanda Mkarafuu, Konde

Kwa ujumla ndiko tunakoumizwa sisi. Nilianguka msimu wa vuli, tawi lilikatika nikiwa juu kabisa, na mnajua nyote jinsi tawi la mkarafuu lisivyotoa onyo. Niliangukia kiuno. Picha ilionesha mfupa umeunga, basi nikaandikiwa kiwango cha mtu aliyeteguka. Kilichokuwa hakikuunga hakionekani katika picha: sikuweza kukaa kitako kwa muda wa hotuba ya Ijumaa, mguu mmoja ulikuwa wa ganzi, na mkojo ulikuwa unanitoka bila ya kunibisha hodi. Sikuyasema, kwa kuwa daktari alikuwa binti wa rika la mwanangu wa tatu, na mwanangu mwenyewe ndiye aliyenisindikiza.

Nilipopinga, maalim mmoja jirani yangu alinishauri niyaandike yote kwenye karatasi nyumbani, nikiwa peke yangu, kisha nimkabidhi daktari bila ya kufungua mdomo. Nikafanya hivyo. Yule binti alisoma, akamwomba mwanangu atoke nje, akanipima upya kwa muda mrefu, na akanielekeza nipigwe picha nyingine inayoonesha mishipa ya uti wa mgongo. Sina neno naye tangu siku hiyo. Kwa hiyo, wanaume wenzangu, andikeni.

Na la pili, siku ya kupimwa msivae kanzu mpya. Vaeni ile ya shamba.

Mzee wa Malindi

Hapo mimi na wewe tunatofautiana, kijana. Ukivaa ya shamba utaambiwa usubiri nje hadi alasiri. Vaa vizuri, jitie udi, uheshimiwe kwanza, kisha useme maumivu yako.

Mpanda Mkarafuu, Konde

Basi tuvae kanzu mpya na tuchechemee, ili Abu Twalib apate la kusema.

Bi Fatma wa Fuoni

Langu ni fupi. Mume wangu ni kiziwi, na siku ya kupimwa hapakuwa na mkalimani, basi akatumiwa mtoto wetu wa miaka tisa. Daktari aliuliza kama anapata kizunguzungu. Mtoto hakuijua alama yake, akaonesha ya mlevi, na mume wangu, ambaye hajawahi kuonja, akatikisa kichwa kwa hasira zote alizonazo. Ikaandikwa: hana kizunguzungu. Mara ya pili tulipita kwanza Chama cha Viziwi Zanzibar kuulizia mkalimani, na nawasihi wenye viziwi nyumbani wasiende bila yeye.

Msaidizi wa Sheria, Micheweni

Nasoma haya yote na naona kosa moja linajirudia. Karatasi inapima kiungo, wakati kilichopungua ni uwezo wa kufanya kazi, na daktari hawezi kuiona kazi yako ikiwa hukumpelekea. Vidole viwili kwa karani si sawasawa na vidole viwili kwa seremala. Kwa hiyo barua ya kupinga isiishie kusema "sikuridhika". Itaje mstari ulio na kosa, neno kwa neno, kisha ieleze ukweli wake. Ombeni nakala ya ripoti nzima, si barua ya asilimia peke yake, na tazameni tarehe iliyoandikwa juu yake siku ileile mnayoipokea, kwa sababu wengi huja kwetu na hoja nzuri na muda wa kupinga umeshapita. Kuhusu ngazi, Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 9 kinahusu majengo na huduma kufikika. Aliyebebwa mgongoni ana haki ya kulisema hilo katika barua yake. Anayeogopa kuandika peke yake aende Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambacho kina ofisi Unguja na Chake Chake, au amtafute msaidizi wa sheria aliye karibu naye.

Abu Twalib

Hilo la kutaja mstari wenye kosa nalikubali. Na fundi hajatuambia yake yalikwishaje.

Fundi wa Kengeja

Niliandika barua kwa mkono wa kushoto, si kwa ujanja, bali ndio unaoandika siku hizi. Nilieleza kuwa kalamu si chombo changu cha kazi, na nikaambatanisha maelezo ya mafundi wawili tuliofanya kazi pamoja, pamoja na barua ya sheha. Nilisubiri miezi mitano. Siku ya kupimwa tena nilifunga randa, patasi na nyundo katika kikapu cha ukili, na mlinzi wa mlangoni nusura anizuie, akidhani nimekuja kutengeneza madirisha. Nilipoulizwa hujambo, nilikaa kimya kidogo, kisha nikasema, "Namshukuru Mungu, lakini mkono huu haujambo hata kidogo." Nikaomba ruhusa nishike randa mbele yao. Ilinianguka mara tatu, na mara ya tatu iliangukia kiatu cha daktari.

Kiwango kilipanda kutoka asilimia 8 hadi 21. Sikupata nilichokitarajia, na pesa zililipwa kwa mafungu mawili yenye mwaka kati yake. Siku hizi nachonga vijiko na miko, na mwanangu ndiye anayeshika msumeno, nami nasimama nyuma yake nikimpigia makelele.

Bi Fatma wa Fuoni

Umm Nassir, na nyinyi je? Mlimpandisha tena?

Umm Nassir, Makunduchi

Hatukumpandisha. Tulipinga kama alivyoeleza msaidizi wa sheria, mstari kwa mstari, na kaka yetu akaandika pale chini kwamba yeye ndiye miguu iliyotajwa katika ripoti. Siku tuliyoitwa tulibaki chini, ndani ya gari, milango wazi, na tukapeleka ujumbe kwamba mgonjwa amefika. Ilipita saa nzima. Kisha akateremka daktari mwingine, mtu mzima mwenye tumbo lake, na faili mkononi. Alipofika kwenye gari alikuwa anahema, akaegemea mlango kwanza, akamwomba babaetu radhi ampe dakika moja apumzike. Babaetu akamwambia, "Pumzika, mwanangu, ngazi zile nazijua."

Mafao yake yalikubaliwa.