Nyasi bandia kwa uga wa nyuma unaosimama maji (Utawala, Nairobi), itasaidia kweli?

MamaWatatu_Utawala
Wadau hamjambo, naomba ushauri kwa wale wamewahi kuweka hii nyasi ya plastiki kwao. Uga wetu wa nyuma ni kama mita sita kwa nane hivi, udongo ni ule mweusi wa huku unaoshika kiatu, mvua ikinyesha usiku mmoja tu maji yanakaa hapo siku tatu nne, mbu kibao, watoto hawatoki nje na kuanika nguo lazima uvae gambuti. Nyasi ya kawaida tulipanda, ya karibu na ukuta ikaoza na ile ingine kiangazi kilipofika ikakauka, udongo ukapasuka nyufa za kuingiza mkono. Sasa kuna fundi amekuja kupima anasema atamwaga murram (ile changarawe nyekundu), apige kompakta (mashine ya kushindilia), aweke nyasi bandia juu na maneno ya maji yataisha kwa sababu hiyo nyasi iko na matundu chini. Nyumba ni yetu, si ya kupanga. Kabla nimpe pesa ya kuanza kazi, maji yatapita kweli? Mvua ya Machi haiko mbali.

FundiMitaro
Mama usimpe pesa bado. Matundu yako, ni ukweli, lakini jiulize maji yakishapita kwa hayo matundu yanaenda wapi. Murram ikishashindiliwa na kompakta inakuwa ngumu, maji yanaingia kidogo sana, na chini yake uko na udongo mweusi ambao ukishalowa unavimba unajifunga kabisa. Kwa hivyo maji yatakaa pale pale, tofauti ni kwamba sasa yatakuwa yamefunikwa zulia, na baada ya muda utaanza kusikia harufu.

Fanya hivi kwanza, haina gharama. Chimba shimo la futi moja hapo katikati, lijaze maji, yakinywewa jaza tena, hiyo ya pili ndio uangalie saa. Kama kesho yake bado kuna maji basi ardhi yako haiwezi kunywa na lazima uyatoe kwa paipu yaende mahali kwingine, hakuna nyasi ya aina yoyote itakusaidia bila hiyo.

JiraniWaSouthC
Naunga mkono fundi hapo juu. Sisi huku South C udongo ni huo huo, na tuliwekewa nyasi juu ya murram na kampuni fulani, mvua ya Aprili 2024 ikaja uga wote ukawa unabonyea ukikanyaga, maji yanaruka juu ya vidole. Ilibidi ing'olewe yote. Fundi wa pili alichimba kama nusu futi hivi akatoa ule udongo kabisa, akatandika kile kitambaa kinachopitisha maji lakini kinazuia tope kupanda, akachimba mtaro mwembamba kando ya ukuta akalaza paipu ya inchi nne iliyotobolewa, akaizungushia kokoto safi isiyo na vumbi, halafu kokoto uga mzima, juu kabisa kokoto ndogo ile laini ya kusawazisha ndio nyasi ikaja. Kitu nilimwona akirudia rudia ni mteremko, alikuwa na ile paipu nyeupe ya maji ya kupimia leveli na kila mita moja anataka ishuke angalau sentimita moja kuelekea mtaroni. Tangu hapo mvua ikiisha watoto wako nje.

Lakini pia jua mapema, Januari na Februari saa saba mchana hiyo plastiki inachoma, mtoto hawezi kukanyaga bila viatu, unamwaga maji inapoa kidogo tu inarudi. Na kama mko na mbwa, mkojo usiposafishwa unanuka vibaya.

TangiLimejaa
Mbona hakuna mtu ameuliza kuhusu mabati? Hesabu iko wazi, milimita moja ya mvua kwa mita mraba moja ni lita moja. Paa la mita mraba 100 likipata mvua ya milimita 40, hizo ni lita 4,000, na Nairobi mvua kama hiyo kwa siku moja msimu ukikolea si ajabu. Mama angalia gata zako zinamwaga wapi, saa ingine hata haujanyeshewa uga, ni nyumba inamwagia uga. Weka tangi, na huko Utawala vile tunanunua maji ya boza hiyo ni pesa unarudisha. Ila tangi likijaa maji ya ziada yapelekwe kwa mtaro wa barabara, usiwahi kuyaunganisha na shimo la choo, shimo litafurika.

MamaWatatu_Utawala
Asanteni sana jamani. Jana imenyesha kidogo nikatoka na mwavuli nikaangalia, ni kweli paipu ya gata inaishia kwa kona ile ile inakaa maji, na nikimwaga ndoo ya maji karibu na fensi yanarudi upande wa nyumba badala ya kuenda nje. Shimo nalo tumechimba, leo asubuhi maji bado yako. Sasa nianze na gani, na ile nyasi niiache kabisa?

FundiMitaro
Maji kurudi kwa nyumba ndio mbaya zaidi, hapo usilale, udongo mweusi ukilowa na kukauka kila msimu kando ya msingi hatimaye ukuta unapasuka. Anza na gata na tangi wiki hii. Halafu mteremko ugeuzwe uelekee fensi, mtaro wa kokoto na paipu hadi nje kwa barabara, hakikisha mwisho wa paipu uko chini kuliko uga na una wavu panya wasiingie. Ukishafika hapo subiri mvua moja kubwa uone. Uga ukikauka siku hiyo hiyo, nyasi bandia ni chaguo lako, weka ukipenda, au weka kabro (vile vitofali vya kutandika chini) upande wa kamba ya nguo. Ukiamua nyasi, itisha kipande kwanza ukimwagie jagi la maji uone yanapita haraka aje, zingine matundu ni machache sana. Na kifuniko cha shimo la choo kisifunikwe moja kwa moja, mwambie akate kipande cha kufunguka, siku ya kunyonya itafika.