Kuigiza wawindaji wa Kentucky ya kale: ni elimu au ni kuupamba ukoloni?

Mleta hoja: Wakuu, huko Marekani kuna watu wanaoingia msituni siku mbili tatu na gobori la gumegume, blanketi la sufu na viatu vya ngozi laini, wakiishi kama wawindaji wa kizungu waliovuka milima ya Appalachia miaka ya 1760. Wanaiita historia kwa vitendo. Mimi napinga. Kentucky, iliyo magharibi ya milima hiyo, ilikuwa nchi ya uwindaji ya Washawnee, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika, na maigizo haya yanaionyesha kama pori lisilo na mwenyewe.

Mchangiaji wa kwanza: Sikubaliani nawe, mkuu. Chukua gobori lenyewe. Unapima baruti, gramu 3 hadi 4 kwa mtutu wa milimita 12.7, unaimimina, kisha unashindilia risasi iliyozungushiwa kitambaa chenye mafuta mpaka ikalie baruti barabara. Mwisho unatia baruti laini kidogo kwenye kisahani kilicho ubavuni mwa mtutu, panapoangukia cheche za gumegume. Kamwe usimimine mtutuni moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya kubebea baruti: cheche iliyobaki mtutuni italipua pembe nzima mkononi. Kisahani kikiwaka na risasi isitoke, huenda kitundu cha kupitishia moto kutoka kisahani hadi mtutuni kimeziba kwa masizi. Elekeza mtutu pasipo na mtu kwa dakika nzima ndipo uzibue, maana mlipuko huweza kuchelewa. Hatua zote hizo kwa risasi moja, tena kwenye unyevu! Ukizipitia, unaelewa jinsi watu wale walivyoishi.

Mchangiaji wa pili: Ufundi huo ni wa kweli, lakini hauigusi hoja. Viatu vile, unga wa mahindi ya kukaanga, kulainisha ngozi kwa ubongo wa mnyama, yote ni maarifa ya wenyeji. Na mwindaji yule hakuwa akijitafutia kitoweo tu, alikuwa mfanyabiashara: ngozi za kulungu zilivuka bahari zikashonwa suruali na glavu Ulaya. Amri ya mfalme wa Uingereza ya 1763 ilikataza walowezi kuhamia magharibi ya milima ile. Mwaka 1768, kule Fort Stanwix, Wairokwa, muungano wa makabila mengine ya wenyeji, walitia saini kuwaachia Waingereza ardhi ya kusini mwa mto Ohio, na Washawnee hawakukubali. Desemba 1769 Washawnee wakamkamata Daniel Boone, mwindaji wa kizungu mashuhuri, wakamnyang'anya ngozi na farasi, wakamwamuru arudi kwao. Anayebeba furushi la ngozi mbele ya wanafunzi bila kuyasema haya anawafundisha uongo.

Mchangiaji wa kwanza: Hapo nakubali, na yasemwe palepale kambini. Ila kuacha kabisa, hapana.

Mchangiaji wa tatu: Basi waache pia kujipaka rangi na kuvaa manyoya kujifanya Washawnee. Washawnee wapo, wana serikali tatu za kikabila Oklahoma, waulizwe wao. Halafu, kwa wanaotengeneza turubai la kale kwa kitani na mafuta yake: vitambaa vya kupakia mafuta visirundikwe, hujipasha joto na kuwaka vyenyewe. Vitandazwe nje kimoja kimoja hadi vikauke.

Mleta hoja: Wakiulizwa wakikataa, je, mtaacha?