Naomba ushauri: mada ya mageuko imeligawa darasa langu

Habari za leo ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, sekondari ya serikali hapa Tanga, kidato cha nne. Wiki iliyopita nilianza mada ya mageuko ya viumbe. Kabla sijamaliza kipindi, binti mmoja wa mbele akafunga daftari, akasema kwa adabu kabisa: "Mwalimu, madrasa tumefundishwa binadamu wa kwanza ni Nabii Adam. Nikiandika haya kwenye mtihani, si nakufuru?" Mwenzake Mkristo akamuunga mkono. Nilinyamaza, na ule ukimya unanisumbua mpaka leo.

Kesho yake baba wa binti yule akaja shuleni, mzee wa heshima zake, akaniomba niiruke mada. Siwezi, imo kwenye muhtasari. Tena nchi yetu ndiyo yenye Olduvai, lilikopatikana fuvu la Zinjanthropus (kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu) mwaka 1959, na Laetoli, zilikopatikana nyayo za viumbe wa jamii hiyo za zaidi ya miaka milioni 3.5. Watoto nitawafichaje? (Wengi wanadhani Darwin, mwanasayansi wa nadharia hii ya mageuko, alisema tumetokana na tumbili hawa wa leo, kumbe alisema tuna asili moja nao ya kale.)

Marekani, mwalimu John Scopes alishtakiwa mwaka 1925 kwa kufundisha haya. Mimi sitaki ugomvi wala kuvunja imani ya mtoto, mwenyewe naswali.

Walimu wenzangu, masheikh na wachungaji: binti yule nimjibu nini? Na je, nimwalike ustadhi darasani, au nitakuwa nimechanganya mambo? Kipindi kijacho ni Jumatano.