Mjadala: Anayetoa AC chakavu na kuchukua ya inverta apewe punguzo na Serikali?

Mkazi wa Sinza
Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu. REA, Wakala wa Nishati Vijijini, imepeleka vijijini mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa nusu bei na hakuna aliyesema gesi ni anasa, maana kila mtu ameshaona mkaa ulivyomaliza misitu. Nauliza: kwa nini isiwe hivyo kwa AC huku mjini? Mtu apeleke mashine yake kuukuu ikavunjwe, kisha akinunua ya inverta, hizi zinazobana umeme, aondolewe VAT ya asilimia 18.

Mfano wa nyumbani kwangu. Mama ana miaka 71 na ana presha. Februari hii chumba chake kilikuwa hakikaliki. Tulikuwa na AC ya mtumba ya BTU 12,000, tukiwasha saa tatu usiku mpaka alfajiri, LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya elfu kumi, yaani uniti 28, inakata siku ya tatu. Nikajibana, nikanunua ya inverta kwa milioni moja na laki tatu pamoja na kufungiwa. Elfu kumi ileile sasa inafika siku ya tano, na mama analala. Wangapi wanaweza kujibana hivyo?

Chaurembo
Mkuu, kuna watu sita wanalala chumba kimoja, bati halina dari, feni wameazima kwa jirani. Wewe unataka kodi yao ikupunguzie AC. Milioni na laki tatu unayo, punguzo la nini tena?

Mkazi wa Sinza
Chaurembo, nimesema mama yangu ni mgonjwa, sijasema nina hela. Hiyo milioni ni ya mchezo wa kuchangiana hela kazini, zamu yangu iliangukia mwezi wa pili. Usinihesabie mfuko usioujua.

Fundi Baridi
Nipo kwenye kazi hii mwaka wa 14, ngoja niseme ninachokiona kila siku.

Mashine ya zamani kompresa yake ina mambo mawili tu, kuwaka yote au kuzima yote. Inverta inapunguza mwendo chumba kikishapoa, inanong'ona tu. Hapo ndipo umeme unapookolewa. Lakini chumba lazima kipoe kwanza! Naitwa kwenye nyumba nakuta dirisha la luva, vioo viwili havipo, juu bati tupu, na rimoti imewekwa 16. Hapo inverta inakimbia usiku kucha haipumziki, inakula karibu sawa na kuukuu. Mteja ananigombeza kwamba nimemuuzia feki.

Jambo la pili. Ukiona kila baada ya miezi mitatu unajaziwa gesi, unaibiwa au una tundu. Gesi ya AC haiishi kama petroli, inazunguka mlemle. Ikipungua imevuja. Hizi za mtumba nyingi bado ni R22, gesi inayotoboa tabaka la ozoni na ambayo dunia nzima inaiondoa. Kila tunapojaza na kuvuja, tunaimwaga angani.

Kipanga wa Rufiji
Mimi sielewi tunabana umeme wa nini. Bwawa la Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115, mitambo tisa, kila mmoja 235. Mgao ule wa 2023 umekwisha. Umeme upo, watu wautumie, TANESCO wapate hela.

Binti Mtoni
Kaka yangu Kipanga, umeme kuwepo Rufiji na umeme kufika kitandani kwako ni mambo mawili. Sisi Unguja tunalijua hilo. Desemba 2009 waya wa baharini uliharibika, tukakaa gizani mpaka Machi 2010. Bara umeme ulikuwepo! Huku samaki wanaoza, maji hayapandi, mtu anajifungua kwa taa ya kandili. Tangu hapo nikiona mashine mbovu inavuta umeme naona inavuta waya wangu na mimi.

Dogo wa Mbagala
Dada Binti umenena. Mtaani kwetu transfoma ni moja. Saa mbili usiku ikifika taa inakuwa njano, feni inazunguka unaweza kuhesabu mapanga yake. Bwawa lote lile halijanisaidia hapo.

Mzee wa Tabata
Nimewasoma wote, na mimi niseme langu. Nina nyumba ya vyumba sita na LUKU moja. Mwaka jana kijana mmoja, mstaarabu kwa kumwona, akafunga AC akapitishia dirisha la uani mchana mimi nipo msikitini. Mwezi ule wenzake walichangishwa mara mbili. Kwa hiyo kabla ya kuzungumza punguzo tuzungumze adabu. Mpangaji anayefunga AC kwenye LUKU ya kuchangia ni mwizi.

Mpangaji Mkongwe
Shikamoo mzee. Lakini hilo neno mwizi limenichoma, sitalipita. Mimi nimepanga miaka 19, Manzese, Kigogo, sasa Kimara. Sijawahi kuiba hata waya wa antena. Huyo kijana ulimwekea sabmita, mita ndogo ya chumba chake, akaikwepa? Kama hukumwekea, utajuaje katumia kiasi gani? Na tuseme ukweli wote: kodi ya jengo, shilingi 1,500 kila mwezi, inakatwa kwenye LUKU. Jengo ni la nani? LUKU ananunua nani? Ni sisi. Sasa kati yako na yeye nani anachukua kisicho chake?

Mzee wa Tabata
Marahaba. Hiyo 1,500 gawa kwa vyumba sita, ni 250 kwa mwezi. Unamvunjia heshima mtu mzima kwa shilingi 250? Choo kikijaa nani anaita gari? Bati likitoboka nani anapanda?

Mpangaji Mkongwe
Ni 250 mara miezi kumi na miwili, mara vyumba vyote vya Dar es Salaam. Na gari la choo pia tunachangishwa mzee, tusidanganyane.

Chaurembo
Hapa ndipo mjadala ulipo! AC waachieni wenyewe. Hii ya kodi ya jengo tuisemee.

Muuza Container
Nirudi kwenye hoja, nipo Guangzhou mwaka wa nane sasa. China mwaka 2024 walianza kutoa punguzo la aina hii kabisa. AC zao zina stika ya madaraja, la kwanza ndilo linalobana umeme zaidi. Wakati huo ukinunua daraja la kwanza ulikuwa unakatiwa asilimia 20, la pili 15, mwisho yuan 2,000 kwa kifaa kimoja, na duka lilikuwa linakata palepale. Majirani zangu walibadilisha kwa mkumbo. Ila kumbukeni AC wanazitengeneza wenyewe, hela ya Serikali inaingia kiwandani kwao na kwa wafanyakazi wao. Sisi tukitoa punguzo tunawalipia viwanda vya wengine. Afadhali hela hiyo iende kwenye kukagua kinachoingia bandarini.

Kipanga wa Rufiji
Ukiwa na maghala huko ni rahisi kusema bandari ikaguliwe. Nani anatuletea hizo mbovu kama si nyie?

Muuza Container
Mimi naleta vigae na mabomba. Sijawahi kuleta AC hata moja. Soma kabla ya kurusha jiwe.

Mswahili Likoni
Salamu kutoka Mombasa. Huku Kenya tuna kanuni za mwaka 2016, AC na friji zinafaa kuwa na stika ya nyota za matumizi ya umeme. Inasaidia, angalau ukiingia dukani una cha kulinganisha. Lakini bei ya nyota nyingi ni ile ile ya kukufukuza dukani. Stika pasipo punguzo ni kumwonyesha mtu chakula huku mlango umefungwa.

Mkazi wa Sinza
Asante ndugu wa Likoni. Na Ghana waliviunganisha vyote viwili kwenye friji: 2012 wakaanza kuwapa watu punguzo wakileta friji kuukuu, Januari 2013 wakazuia friji za mtumba zisiingie nchini. Hicho ndicho ninachokiomba, siombi kitu kipya duniani.

Mama Wawili
Nimesoma tangu juu, mikono inatetemeka, nisameheni nikikosea kuandika.

Mzee wangu wa Tabata, mimi ni mmoja wa hao wa vyumba sita, nyumba nyingine tu. Sina AC. Sina hata friji. Nina taa mbili, feni, kuchaji simu, na pasi Jumapili jioni ya sare za watoto. Nilinunua sabmita yangu mwenyewe, kila mwisho wa mwezi natoka na tochi na daftari naisoma. Sijawahi kufika uniti 30.

Sasa sikilizeni. Mtu mwenye mita yake akitumia chini ya uniti 75 kwa mwezi yuko kwenye bei ya chini, uniti shilingi 100, ukiweka na makato ni 122. Uniti 30 zangu zingekuwa elfu tatu na mia sita na kitu. Lakini sisi sita kwenye LUKU moja tunafika 180, tunahesabiwa kama nyumba ya tajiri mmoja, uniti 292 kabla ya makato, ndiyo maana elfu kumi inatoa 28. Kwa hiyo taa zangu mbili na feni nazilipia elfu kumi na mia sita. Kila mwezi. Punguzo la maskini lipo, limeandikwa, linasimama getini kwa mwenye nyumba, kwangu halifiki.

Mnagombania AC iondolewe VAT. Mimi naomba mita.

Dogo wa Mbagala
Mama, nimesoma mara mbili. Sikuwahi kupiga hesabu hiyo, na sisi tupo vyumba vinane.

Mzee wa Tabata
Mwanangu Mama Wawili, sikukusudia wewe. Lakini mita sita kwenye nyumba moja ni gharama za kuunganisha mara sita, na waya upya. Wapangaji wakihama je? Nani atanirudishia?

Mama Wawili
Shikamoo baba. Hamtarudishiwa, najua. Na mimi miaka minne hii ya tofauti ya elfu saba kila mwezi sitarudishiwa. Piga hesabu uone ni shilingi ngapi, na ni sare ngapi.

Chaurembo
Laki tatu na zaidi. Kwa mtu mwenye feni moja.

Mkazi wa Sinza
Mama Wawili, hoja yako ni nzito na sina jibu la kuipinga. Ila naomba watu wasiichukue hoja yako wakaifanya rungu la kunipigia mimi. Mama yangu hakuchagua presha. Yawezekana vyote viwili vikafanyika.

Chaurembo
Hela ya Serikali haiwi mbili, mkuu. Ikienda Sinza haijaenda kwa Mama Wawili. Ndicho nilichokisema tangu mwanzo, nikaambiwa nahesabu mfuko wa mtu.

Mkazi wa Sinza
Ulihesabu.

Mpangaji Mkongwe
Mzee wa Tabata bado hujajibu kuhusu neno mwizi.

Mzee wa Tabata
Nimesema sikumkusudia binti. Yule kijana wa AC nilimkusudia, na sifuti.

Mkazi wa Sinza
Fundi Baridi, wakati wao wanaendelea, umenitia wasiwasi kule juu. Chumba cha mama kina luva pande zote mbili, kioo kimoja cha chini kimepasuka, na ukuta wake unapigwa na jua la jioni. Dari ipo, ya mbao nyembamba. Nirekebishe nini kwanza?

Fundi Baridi
Anza na luva. Upande mmoja uzibe kabisa kwa kioo kizima na silikoni, upande wa pili uache kwa ajili ya hewa mchana lakini usiku weka pazia zito mpaka sakafuni. Chini ya mlango sukumia kitambaa. Rimoti iweke 25 na feni ndogo imzungushie hewa, mtu wa presha hahitaji baridi la kumtetemesha. Chujio la ndani litoe kila wiki mbili, lioshe kwa maji ya bomba, likauke kivulini. Mashine ya nje kama iko upande wa jua la jioni, niambie, tutaitafutia kivuli bila kuizibia pumzi.

Na Mama Wawili, hata bila AC: kama bati lenu halijapakwa, rangi nyeupe juu ya bati inapunguza joto la mchana, mkono wako mwenyewe utakwambia ukigusa. Mwombeni mwenye nyumba.

Mama Wawili
Nitamwomba. Leo saa nne hii usiku bado ukuta unachoma, nimewalaza watoto sakafuni kwenye khanga zenye maji.