Kikundi cha ukoo: vidonge vya Baba Mdogo

IJUMAA

Baba Mdogo Rashidi: Habari za jioni nyote. Leo siku ya kumi ya vidonge vya kuacha sigara. Tangu juzi nilipoanza vile vya miligramu 1, nikimeza tu tumbo linachafuka. Leo nimetapika kabisa. Kesho simezi tena, nimeona niwaambie mwenyewe.

Shangazi Mwanaidi: Pole mdogo wangu. Mimi vile vidonge moyo wangu ulivikataa toka mwanzo. Kuna sauti nimetumiwa, mtu anasema vinatia watu wazimu, wengine hadi kujidhuru. Ngoja niwarushie.

Zuhura: Shikamoo shangazi, shikamoo Baba Mdogo. Shangazi, nakuomba usiirushe kwanza, nitaeleza. Baba Mdogo, huwa unameza ukiwa umekula?

Baba Mdogo Rashidi: Marahaba mwanangu. Nameza nikiamka tu, na funda moja la maji.

Zuhura: Basi tuanzie hapo. Vareniklini, yaani hivyo vidonge vyako, humezwa baada ya chakula, na glasi nzima ya maji. Kichefuchefu ndiyo kero yake kubwa, katika watumiaji 10 karibu 3 hukipata. Ndiyo maana ulianzishiwa nusu miligramu mara moja kwa siku 3, kisha nusu asubuhi na nusu jioni hadi siku ya 7, ndipo ikaja 1 mara mbili. Mwili umepokea dozi kamili juzi tu. Kwa wengi tumbo hutulia wakizoea. Likikataa hata ukiwa umekula, mpigie daktari, anaweza kuipunguza dozi. Lakini apunguze yeye, si sisi hapa. Na ukitapika usimeze vingine kufidia.

Mama Mdogo Tatu: Na usingizi je? Jana usiku kashtuka anamwita baba yako, Zuhura. Mwili mzima jasho.

Baba Mdogo Rashidi: Nilimwona kaka waziwazi. Tumekaa barazani, ananiomba kiberiti. Hata rangi ya shati lake nimeiona.

Shangazi Mwanaidi: Allah amrehemu. Mmeona sasa? Hiyo si dalili njema.

Zuhura: Amina. Shangazi, ndoto nzito za namna hiyo zinajulikana kabisa, zimeandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya boksi. Kidonge cha pili asikimeze akienda kulala, akimeze mapema na chakula cha jioni. Ila Mama Mdogo, ukimwona anainuka na kutembea huku amelala, hapo anaacha dawa na mnampigia daktari.

Zuhura: Sasa ile sauti. Haikuzuka hewani. Mwaka 2009 Marekani waliagiza vareniklini na bupropioni, dawa nyingine ya kuacha sigara, ziwekewe onyo zito kuliko yote, kwa sababu zilikuja taarifa za watu kubadilika tabia, kuzama kwenye huzuni, hata kutaka kujiua. Ukafanywa utafiti wa watu zaidi ya 8,000, karibu nusu yao wana historia ya maradhi ya akili. Matokeo yalitoka 2016. Waliomeza dawa hizi hawakupata matatizo hayo kwa kiasi cha kutisha kuliko waliopewa viraka vya nikotini au kidonge kisicho na dawa. Desemba mwaka huohuo onyo lile likaondolewa. Mwenye historia ya maradhi ya akili bado anatakiwa kufuatiliwa kwa karibu zaidi, dawa yoyote apewe.

Shangazi Mwanaidi: Kwa hiyo hakuna cha kuogopa?

Zuhura: Sisemi hivyo shangazi. Kuacha sigara peke yake, bila dawa yoyote, huleta hasira, huzuni na kukosa usingizi. Ukiwa ndani ya hali hiyo huwezi kujua ipi ya arosto na ipi ya dawa. Kwa hiyo hatubahatishi. Akibadilika hata sisi tukaona si yeye, au akaanza kusema maneno ya kujidhuru, anaacha kidonge na anaonana na daktari siku hiyohiyo. Uso au midomo ikivimba, au kifua kikabana, ni hospitali moja kwa moja.

Mama Mdogo Tatu: Jana alimfokea mtoto kwa sababu ya mlango tu. Halafu akakaa kimya hadi usiku.

Zuhura: Baba Mdogo, naomba unijibu ukweli wako. Moyo ukoje?

Baba Mdogo Rashidi: Hasira ninazo. Mikono inatafuta pakiti mfukoni. Lakini maisha nayataka mwanangu, ndiyo sababu naacha. Nilimuuguza baba yako mimi.

Zuhura: Najua. Hali ya moyo ikigeuka, hata saa 8 usiku, mwamshe Mama Mdogo. Na sukari yako uipime mara nyingi zaidi kipindi hiki, mtu akiacha sigara mahitaji ya insulini yanaweza kubadilika. Daktari anajua unajichoma?

Baba Mdogo Rashidi: Sikumwambia.

Zuhura: Mwambie kesho, tafadhali.

Idi: Shikamooni. Ba'mdogo ukiviacha nipe mimi. Au kuna rafiki yangu anazo zile bupropioni, zimebaki nusu boksi.

Zuhura: Idi hapana. Vyote viwili hapana. Bupropioni inaweza kuleta degedege hata kwa asiye na historia, karibu mtu 1 katika 1,000. Wewe umeugua kifafa, kwako ni marufuku. Hata vareniklini daktari lazima ajue kwanza.

Idi: Kifafa mbona niliacha kumeza dawa zake kitambo.

Zuhura: Kitambo si kupona. Nenda ukaulize viraka au bazoka za nikotini, kwako njia zipo.

JUMAMOSI

Mama Mdogo Tatu: Amekula kwanza. Glasi ameimaliza mbele yangu.

Baba Mdogo Rashidi: Tumbo linazunguka kidogo, ila halijatoka kitu. Daktari nimempigia, nimemwambia na ya insulini. Kasema niendelee, Jumatatu niende na boksi na daftari la sukari.

Shangazi Mwanaidi: Alhamdulillahi. Ile sauti nimeifuta, na aliyenitumia nimemweleza.

Idi: Dada Zuhura, mimi nimepata nafasi Alhamisi. Nimeandika dawa zangu zote za zamani kwenye karatasi.

Zuhura: Andika na mara ya mwisho ulipoanguka.